Noah la Ukweni na Moshi wa Mtu Tusiyemjua

Aliyeoa Uzaramoni anajua kwamba gari la familia halinunuliwi na mwenye fedha. Linanunuliwa na kikao. Letu lilinunuliwa sebuleni kwetu Kibaha, Picha ya Ndege, mbele ya sinia la mihogo ya nazi. Wajumbe walikuwa Mama Watoto. Mdogo wake tunayemwita Injinia. Binti yangu wa darasa la sita ambaye nyumba nzima inamwita Kamishna kwa jinsi anavyofuatilia chenji. Na kwa simu kutoka Kisarawe, mama mkwe wangu, Bi Udi. Mimi nilikuwa mweka hazina. Kama wewe ni baba mwenye nyumba unaijua kazi hiyo: unasikiliza, halafu unatoa.

Kikao kikaamua Toyota Noah, namba D, la mkononi, AC mbele na nyuma, siti za kutosha kubeba wajukuu wote wa Bi Udi. Injinia aliwahi kusoma ufundi magari VETA kwa muda, na tangu hapo kila chenye nati katika ukoo ni mali yake. Yeye ndiye aliyempata dalali, Kimara. Tulikwenda kuliangalia asubuhi ya masika, mvua imetoka kukatika, milango yote wazi, vioo vyote chini, na kwenye kioo cha kati kimening'inizwa kimanukato cha limau. Injinia akafungua boneti, akasikiliza injini, akalala chini kwenye tope kutazama chasisi, akainuka akatangaza kuwa gari limetulia. Na kwa injini alisema kweli, mpaka leo haijanisumbua. Ila hakuna aliyefunga mlango akavuta pumzi.

Jua lilipotoka ndipo tulipolijua gari. Kibaha na Kisarawe zote ni za Mkoa wa Pwani, lakini kwa lami tuliyoizoea sisi, ili utoke huku ufike kule unaingia kwanza Dar es Salaam: unashuka na Barabara ya Morogoro, unatafuta njia ya Gongo la Mboto, unapita Pugu, ndipo unapanda vilima vya Kisarawe. Nusu ya safari hiyo ni foleni. Jumamosi moja, jua la utosi, tukafunga vioo tukawasha AC. Kutoka kwenye matundu ya dari kule nyuma ukashuka moshi wa sigara mkavu, mkongwe, uliokaa humo miaka. Mtoto wetu mdogo, Kinda, akatapika kwenye kapu la maandazi ya bibi yake. Mama Watoto akanigeukia taratibu: "Baba Kamishna, unavuta?" Mimi, ambaye hajapata kuniona hata nikishika kiberiti nje ya jikoni! Injinia akatoa utaalamu: AC inazoea mazingira.

Tulipofika ukweni, msiba ukageuka sherehe. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, wao ni Wazaramo, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mashemeji walipofungua mlango na kuinusa ile hewa, walianguka mchangani kwa kicheko. "Mtani, umetuletea tumbaku yote ya Urambo!" Mtani hajibiwi papo hapo. Mtani anangojewa kwenye shughuli yake.

Hapo kila mtu akaja na dawa yake, maana katika familia yetu upendo hauji mikono mitupu. Mama Watoto alianza na kimanukato cha pili, cha vanila, kikaning'inizwa kando ya kile cha limau. Akaweka bakuli la kahawa ya unga chini ya siti, na karafuu kwenye mfuko wa soksi. Gari likawa na harufu ya duka la viungo ambalo muuzaji wake anavuta. Injinia akaenda kununua bekingi soda akarudi na magadi soda ya kutengenezea sabuni, na kama si Kamishna kusoma pakiti, vitambaa vya siti vingekuwa vimekwisha. Kamishna mwenyewe alikuwa akiandika gharama zote kwenye daftari la hesabu, na kila jioni ananisomea jumla kwa sauti, mama yake akisikia.

Kisha akaja Bi Udi mwenyewe. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwema kupita kiasi, na ana imani moja isiyotikisika: hakuna jambo duniani lisiloondoka kwa fukizo. Jina tumempa wakwe zake, na analipenda. "Mkwe wangu," aliniambia kule Kisarawe, "moshi hautolewi kwa maji. Moshi unatolewa kwa moshi." Nikamjibu, "Sawa, mama." Mkwe gani angejibu vingine? Akaleta chetezo, akatia makaa, akamwaga udi na ubani bila uchoyo, akakiweka juu ya sinia ndani ya Noah, akafunga milango. Sisi akatuita ndani tule.

Tulikuwa kwenye wali wa nazi na samaki niliposikia mtu barabarani: "Moto! Gari la mkwe linaungua!" Nawaheshimu sana majirani wa Kisarawe. Hawaulizi, wanakuja na ndoo. Tulipotoka nje milango ilikuwa imeshafunguliwa, na maji ya dobi, ya mtungi, ya kisima na ya kuogeshea mtoto yalikuwa yamekwisha kumwagwa juu ya siti, kapeti na dari. Chetezo kimepinduka chini. Bi Udi ameshika kichwa, analilia udi wake.

Na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo wataalamu wote wa ukoo hawakuliona. Maji yaliyochuruzika kutoka mlangoni hayakuwa maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kamishna alichukua kitambaa cheupe, akafuta dari, akakikamua kwenye beseni, kikatoa njano. Akanionyesha: "Baba, harufu ndiyo hii."

Mtoto alipatia. Moshi wa sigara hauondoki wote ukifungua kioo. Ndani yake mna lami na nikotini, na hivyo hunata. Hupanda vikashika dari, hushuka vikazama kwenye sponji ya siti, huganda juu ya vioo kama utando, huingia kwenye mikanda iliyojikunja ndani ya nguzo. AC ikiwa inazungusha hewa ya ndani, moshi hupita kwenye evaporeta yenye majimaji ukaacha uchafu wake humo, na Noah ina AC ya pili nyuma, kwa hiyo maficho ni mawili. Asubuhi ya mvua vyote hivyo vimelala. Jua likipasha gari, vinaachia. Kimanukato hakiondoi hata chembe, kinasema tu kwa sauti kubwa kuliko harufu yenyewe.

Wala si suala la pua tu. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba nikotini iliyonata kwenye nyuso za vitu ikikutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani hutengeneza nitrosamini, kundi la kemikali za saratani, na walizipima hata ndani ya gari la mvutaji. Magari yetu mengi yametoka Japani, nchi ambayo mwaka 1966 zaidi ya asilimia 80 ya wanaume wake walikuwa wavutaji. Idadi hiyo imeshuka sana tangu wakati huo, lakini gari lililovutiwa sigara bado si jambo la ajabu. Wenyewe kwenye minada yao huandika karatasi ya hali ya gari, na usafi wa ndani una daraja lake. Anayeagiza moja kwa moja anaweza kuidai karatasi hiyo. Sisi wa mkononi tunategemea pua.

Yote haya ningeyavumilia, kama mengi ninayoyavumilia katika nyumba hii, kama si baba mkwe wangu, Mzee Stesheni. Mzee alikuwa mtu wa Reli ya Kati, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Tabora, kwetu, ambako reli ilifika mwaka 1912. Zamu za usiku za stesheni ndizo zilizomfundisha sigara. Aliiacha uzeeni, daktari alipomwambia kifua hakitahimili, na Bi Udi alipigana vita ile kwa miaka. Basi tukaanza kuona kila tukienda Kisarawe mzee anapotea baada ya swala ya alasiri. Kamishna ndiye aliyemgundua. Alikuwa ndani ya Noah, vioo vimepandishwa, tasbihi mkononi, macho amefumba, anavuta pumzi ndefu. "Inanikumbusha stesheni, mwanangu," aliniambia, kwa aibu ya mtoto.

Bi Udi alisimama mlangoni mwa gari, kanga ameifunga kiunoni, hakusema neno. Kesho yake akashika uenyekiti wa kuliosha.

Tulifanya kazi pamoja na vijana wa kuosha magari hapa Kibaha. Siti zote zilitoka nje, kapeti likavuliwa likaanikwa. Vioo na plastiki zilifutwa kwa siki iliyochanganywa na maji, mara kwa mara, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Dari ilifutwa kwa povu kidogo kidogo bila kuilowesha, maana gundi yake ikilegea kitambaa kinaning'inia. Mikanda ilivutwa mpaka mwisho wake ikaoshwa nayo. Chujio la AC, ambalo kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, lilikuwa jeusi, likatupwa. Evaporeta zote mbili zikasafishwa. Nyuma ya kisahani cha majivu tulikuta vipisi. Kisha bekingi soda ikalala juu ya siti usiku kucha na kufyonzwa kwa mashine asubuhi. Injinia alileta habari za mashine ya ozoni. Ipo, na inafanya kazi, lakini ozoni ni gesi inayodhuru mapafu: gari lazima liwe tupu, kisha lipigwe hewa sana. Kwa ajili ya kifua cha mzee, nikakataa, na kwa mara ya kwanza kikao kikanisikiliza.

Mwisho Bi Udi alitoa mkaa wa Kisarawe kwenye kikapu, ukawekwa chini ya siti kunyonya kilichobaki. Mkaa unasaidia kidogo, lakini baada ya kuosha, si badala yake. Leo Kinda analala njia nzima mpaka Pugu, na mzee anakaa barazani.

Nawe unayetafuta la mkononi, nenda kaliangalie saa saba mchana. Omba vioo vipandishwe, kaa ndani hadi joto likubane, washa AC ya hewa ya ndani, vuta mkanda mpaka mwisho uunuse, chomoa kisahani cha majivu. Ukikuta vimanukato vingi, uliza vinaficha nini. Na wewe unayevuta, nakuomba kwa heshima, shuka uvutie nje. Siku moja utaliuza hilo gari, na katika siti yako atakaa mtoto wa mtu, au mzee wa mtu aliyeambiwa na daktari aache.