Sifa za Kiraka

Kwenye programu huria kila mtu husifiwa: aliyebuni, aliyeandika, hata aliyechora nembo. Kiraka hakina wa kukisemea. Acha nikisemee mimi.

Mradi wenu unatumia maktaba ya watu, maktaba ina kasoro, na uzinduzi ni kesho. Kuwaandikia wenyewe ni adabu, lakini adabu ina foleni. Basi mmoja wenu anaingia kwenye msimbo wa watu, anabadili mistari mitatu, na kwenye maelezo anaandika "marekebisho madogo". Hicho ndicho kiraka. Kazi imekwisha.

Kiraka hudumisha undugu. Toleo jipya la maktaba likitoka, wenzenu hulipakua wakaendelea na chai. Nyinyi mnaitana kikaoni. Git inalalamikia migongano, na aliyeibadili ile mistari keshahamia kampuni nyingine. Mnampigia. Anauliza habari za watoto, anacheka sana, hakumbuki kitu. Bila kiraka mngemtafuta lini?

Tena hakina majivuno. Mwaka 2006, kwenye mfumo endeshi wa Debian, kikaguzi cha kumbukumbu Valgrind kilipiga kelele kwamba maktaba ya usimbaji OpenSSL inatumia kumbukumbu isiyojazwa. Mtunzaji wa kifurushi akaizima mistari miwili, kelele zikakoma. Kumbe mmojawapo ndio uliokuwa ukiingiza nasibu wakati wa kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki cha kubahatisha kikawa namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ikarithi. Hadi Mei 2008 seva zilifungwa kwa funguo ambazo mwenye subira angezijaribu zote, moja baada ya moja, na hakuna onyo lililotokea popote. Nitajieni msimbo mwingine wenye utulivu huo.

Wapo wasiopenda raha. Mradi wa kivinjari Chromium hutaka kila maktaba ya wageni iwe na faili la README.chromium, linalotaja ilikotoka, toleo, leseni, na kilichobadilishwa. Wengine huweka kila badiliko kwenye faili lake pembeni, wajue cha kupachika upya na cha kutupa. Wabaya kabisa huwapelekea wenyewe marekebisho. Wenyewe wakiyapokea, kiraka kinakufa kingali kichanga.

Chetu hakina hofu hiyo. Kasoro iliyokileta wenye maktaba walishaiziba zamani, kwa njia yao, lakini hapa ofisini hakuna anayethubutu kukigusa.