Kisiwa cha Nchi Kavu

Chanzo cha yote ni mhasibu wetu kwenda likizo Mafia. Huko akavushwa kwa mashua hadi Chole, kakisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu na bado ukawahi chakula cha mchana. Akaona magofu ya Mjerumani na popo wakubwa wanaolala mitini. Akaendesha baiskeli kidogo, akatembea kidogo, akala pweza, akapiga picha zisizo idadi. Aliporudi Dodoma alikuwa mtu mwingine. Kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake halali ni kuchangishana harusi na misiba, likageuzwa klabu ya mazoezi. Jumamosi, baiskeli na matembezi, kwenda asubuhi kurudi jioni. “Kama Chole.”

Nani kamwambia Dodoma ni Chole? Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na bahari yenyewe kuifuata ni safari ya kilomita kama 450 hadi Dar. Kikaoni nilisema mapema: kisiwa kina mwisho. Hata kama msafara umepangwa ovyo, maji yatawaokoa. Ukienda kulia utayakuta, ukienda kushoto utayakuta, ukichoka unajua kilichobaki. Uwanda wa Ugogo hauna ustaarabu huo. Unaona kilima mbele, unakikanyagia saa nzima, nacho kiko palepale kinakutazama.

Mhasibu akasema maji tutayapata Hombolo. Basi ikawa Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji, kwenye bwawa lililojengwa na serikali ya mkoloni mwaka 1957. Maji yake yana chumvichumvi, na jambo hilo kamati ililipokea kwa furaha kana kwamba limekamilisha ule ubahari uliopungua.

Mchango ukatangazwa: fulana, maji, supu na gari la msaada. Fulana zikachaguliwa rangi ya chungwa ili tusidhaniwe wa chama fulani. Ungedhani jambo dogo, lakini huu ni mji wa makao makuu ya chama tawala. Hapa watu wazima wakivaa sare na kuongozana barabarani, mwananchi anaanza kujiuliza zake zinagawiwa wapi.

Kuna wenzetu waliohamia huku tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Hawa wanajua jua la Dodoma, wanalilalamikia kila siku kwenye lifti. Upepo wa Julai hawaujui. Upepo huo unatoka mashariki, na Ihumwa, tunakopitia, iko mashariki. Tulikanyaga baiskeli kuelekea Ihumwa huku kila lori la Dar likitupita na kutuachia vumbi lake, na upepo ukilirudisha kwa waliolikosa. Afisa manunuzi, mwenye helmeti na miwani ya kitaalamu, alishuka akasukuma kwenye barabara tambarare. Alisema anapima gia.

Tulipokata kushoto kuiacha lami kuu, nikaona afadhali. Hapo mbigili wakatupokea. Mgeni akitazama ardhi ya huku kiangazi anaona udongo mtupu, hajui kwamba kila hatua imetegwa. Pancha ya kwanza tuliipiga picha. Ya pili tuliicheka. Baadaye soluseni ikaisha, viraka vikaisha, na sehemu ya matembezi, iliyopangwa kuanzia bwawani, ikaanza yenyewe kabla ya wakati wake.

Wakati huo gari la msaada lilikuwa mbele. Ndani yake alikaa mama wa masijala, aliyekataa baiskeli tangu mwanzo, pamoja na supu yote.

Kijijini mzee mmoja alisimama kando ya njia kututazama. “Mbukwenyi!” Tukaitikia kwa pumzi zilizobaki.

“Poleni, wanangu. Mmefiwa na nani?”

Tukamweleza kwamba hatujafiwa, mzee wetu, tunafanya mazoezi tu. Akatafakari.

“Ofisini hakuna kazi?”

Hakuna aliyejibu, maana afisa utumishi alikuwa nasi. Mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni, akauliza kama fulana zimebaki.

Bwawani, nakiri, ni pazuri. Ndege tele, wavuvi na mitumbwi yao, na perege wa kukaanga waliotufaa kuliko ratiba yote. Zabibu tuliziona mashambani tu, chachu. Huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na kuanzia Agosti, na kamati ikaona vyema kuja katikati. Supu tuliikuta imepoa na nyama zimehesabika. Mama wa masijala alisema njiani barabara ina matuta, nyingi ilimwagika.

Kisha mhasibu akapiga makofi: sasa tunazunguka bwawa kwa miguu! Ukingo wa bwawa kiangazi una tope lililokauka juu na kubaki bichi chini, na linaweza kumhadaa hata mbuzi. Kiatu cha kushoto cha bosi kipo huko mpaka leo. Hakuna aliyecheka hadi Jumatatu, mlango wa ofisi yake ulipofungwa.

Kurudi tulikodi Canter. Baiskeli zikarundikwa nyuma na sisi juu yake, spoki zikitukuna mgongo. Na ule upepo, wallahi, ulikuwa unavuma kuelekea mjini, bure, ukitafuta wa kumsukuma.

Picha zilizorushwa kundini jioni hazina pancha hata moja. Zina maji, tabasamu na machweo, na mhasibu kaandika chini yake: “Kisiwa chetu.” Sasa anatangaza Mtera. Bwawa la Mtera ni kubwa mara nyingi zaidi, liko njia ya Iringa, na ni mbali kiasi kwamba hata basi hupumzika. Nimeuliza kama mchango wa safari hii unampa mtu haki ya kukaa kwenye gari la msaada. Nimejibiwa kwamba nafasi zimejaa, na kiti cha mbele, karibu na sufuria, kimeshalipiwa.