Namna ya Kulipa Kodi Kubwa Kuliko Unayodaiwa

Kahama, Katoro na Geita nzima wanaolalamika kwamba kodi ni kubwa ni wengi. Wanaojua kuikuza ikakua vizuri, tena kwa mikono yao wenyewe, hawajapata mtu wa kuwaandikia. Mwongozo huu ni wao: mwenye duka la nafaka Masumbwe, mwenye karasha la kusaga mawe Nyarugusu, mwenye gesti Katoro, mama lishe wa Rwamgasa, na kila anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe na sasa anaiona 31 Machi inakuja, siku ya mwisho ya makadirio ya kodi ya mapato na ya kulipa awamu ya kwanza. Aliyeajiriwa mgodini asipoteze muda kusoma. Yeye hukatwa na mwajiri kila mwezi kabla hajaigusa fedha, kwa hiyo hana nafasi ya kuharibu chochote.

Anza kwa kutoandika kitu. Hili ndilo la msingi, na sheria yenyewe inakuunga mkono. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka ambaye hana kumbukumbu analipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Maana yake ni kwamba aliyeuza milioni 5 akaandika, analipa 30,000. Aliyeuza milioni 5 hiyo hiyo akaiweka kichwani, analipa 100,000. Panda ngazi inayofuata, kati ya milioni 7 na 11, uone raha zaidi: bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa nazo, kwa mauzo ya milioni 8, ni 120,000. Tofauti ni 130,000, na hujatoa jasho lolote. Umeacha tu daftari dukani kwa mwenzako.

Kazi hii inahitaji nidhamu, kwa sababu watu wa huku kwa asili ni waandishi hodari. Nenda kwenye duara lolote la dhahabu siku ya mgao. Mifuko ya mawe inahesabiwa mmoja mmoja, mwenye leseni wake, mwenye duara wake, mwenye shamba wake, aliyetoa mahindi na maharage wakati wa kuchimba wake, na mfuko mmoja ukipungua kijiji hakilali. Broka anakumbuka pointi za dhahabu alizomkopesha mtu msimu wa pamba wa mwaka juzi. Katibu wa kikoba ana faini ya kuchelewa ya kila mwanachama, na tarehe. Watu hawa hawa ukiwauliza dukani kwao waliuza kiasi gani jana, wanatazama juu ya bati kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kipaji hicho cha kusahau kitunze. Kina thamani, na sasa unajua ni shilingi ngapi.

Siku ya kwenda kukadiriwa vaa yeboyebo. Gari liache stendi. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) akiuliza unauza kiasi gani kwa siku, vuta pumzi, sema biashara ngumu, taja mvua zilizojaza maji kwenye maduara, kisha sema elfu kumi. Hapo unakuwa umefanya jambo la maana sana: umempa tarakimu isiyo na karatasi nyuma yake. Yeye naye ana macho, amepita dukani kwako, ameona magunia. Akiikataa elfu kumi yako, utamwonyesha nini? Machozi hayana ukurasa. Atakadiria anavyoona, nawe utatoka nje ukisema umeonewa.

Usiusahau mdomo wako wa pili, ule wa benki. Wiki hiyo hiyo, ukiwa umevaa viatu vilivyopakwa rangi, mwambie ofisa mikopo kwamba duka linauza milioni 40 kwa mwaka na linapanuka, msomee orodha ya mzigo, mwonyeshe na ng'ombe walioko kijijini. Duka moja, midomo miwili. Nimeona watu wanaoweza kuitumia yote miwili asubuhi moja bila kukohoa, na kwa kweli ni ufundi unaostahili kufundishwa.

Hiyo elfu kumi, kwa taarifa yako, haikuchaguliwa bure. Milioni 4, ambayo chini yake hudaiwi kitu, ukiigawa kwa siku 365 inakuja kama 10,959. Mama lishe akiuza sahani nne za wali nyama kila siku, kila sahani kwa 3,000, ameshaivuka. Yanayohesabiwa ni mauzo. Faida haimo, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018, kilikuwa cha hao walio chini ya milioni 4. Lakini kukitundika ukutani juu ya friji tatu za soda ilikuwa mapambo mazuri.

Ukiwa na karasha, jikinge kwa dhahabu ya wengine. Sema kodi ilishalipwa sokoni. Ni kweli kwamba tangu Geita ilipofunguliwa soko la dhahabu Machi 2019, muuzaji hukatwa pale pale mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mrabaha huo ni haki ya taifa kwa mali iliyotoka ardhini. Wewe ulisaga mawe ya mtu kwa malipo, na malipo hayo ni mapato yako. Hoja haina miguu, lakini itakupeleka hadi 31 Machi bila kufanya lolote, na hilo ndilo tunalotaka.

Wale wakubwa kidogo, waliovuka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, wanahamia kwenye hesabu kamili, ambako kodi hutozwa kwenye faida na kwa mtu binafsi inapanda hadi asilimia 30, na ritani inatakiwa ifikapo 30 Juni. Kwao nina ushauri mmoja: Mwanza, dukani kwa jumla, ukiulizwa "na risiti au bila risiti?" chukua bila, upunguziwe elfu kumi. Mwakani mzigo huo hautaonekana kama matumizi. Utaonekana kama faida.

Halafu rashi ya dhahabu ikihama, hama nayo. Usiiage TRA. Duka likifa kwa sababu wachimbaji wamesikia kuna mlipuko kwingine, sheria inakuruhusu kurekebisha makadirio katikati ya mwaka, na kufunga biashara kwa kutoa taarifa. Acha yote mawili. TIN, namba yako ya mlipakodi, itabaki pale ulipoiacha, ikikudai awamu baada ya awamu kwa ajili ya duka ambalo sasa ni banda la mbuzi, pamoja na riba. Wazee wetu walimkimbia mgambo wa kodi ya maendeleo wakajificha kwenye mtama hadi jioni, na kodi ile ilipofutwa 2003 mbio zikaisha. TIN haikimbiliki hivyo. Imeunganishwa na kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, na kidole chako umekwenda nacho.

Zikibaki siku mbili kufika 31 Machi, kama huna TIN mtafute kishoka nje ya ofisi, umlipe akupatie TIN ambayo ndani inatolewa bure. Kontroo namba iombe jioni ya mwisho, wakati mtandao umeelemewa na wasomaji wenzako wa mwongozo huu.

Awamu ya kwanza ni robo ya kodi ya mwaka. Kwa mauzo ya milioni 5, mfuasi wangu abebe 25,000. Mwenye kaunta buku abebe 7,500.