Gunia Nyuma ya Spika

Ndugu yangu unayeishi boma moja na mke, watoto na mama mzazi, wewe utanielewa. Jumamosi ya mwisho ya Machi, hapa Asembo Bay, hom thieta yetu ilikata roho saa moja jioni, mama akiwa ameshavuka uwanja na kigoda chake kuja kusikiliza nyimbo za mwanamuziki wa benga, D.O. Misiani.

Watoto wanamwita mama Dani, yaani nyanya. Mimi na mke wangu tunamwita Mwenyekiti, maana kikao hakianzi bila yeye. Benga ni damu yake. Tangu 2006, ajali ya barabarani mjini Kisumu ilipomchukua Misiani, mzaliwa wa Shirati, mama hataki mtu aongee gitaa likilia. Jioni hiyo alipata taa nyekundu, mlio mdogo, "tak", kisha kimya.

"Baba Achieng, imechoka, ipumzishe," mke wangu akasema. Kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila kitu, kuanzia pasi hadi pikipiki.

Injinia, kitinda mimba wetu wa miaka kumi na miwili, alishashika bisibisi. Huyu ndiye aliyefumua saa ya ukutani ili aone "tiki-tiki" inatoka wapi, na bado inatudai akrabu. Nikamnyang'anya bisibisi, nikaomba rimoti. Haina betri. Betri ziko kwenye tochi, tochi iko kwa jirani.

Tulianza na soketi. Tukachomeka birika la stima hapo hapo. Maji yakachemka, kwa hiyo tukanywa chai kwanza. Nikatoa fyuzi kwenye plagi ya pasi, nikaipachika kwenye plagi ya amplifaya. Tak. Kufikia hapo sam, wale wadudu wadogo wa ziwani, walikuwa wakimiminika kama moshi kupitia mlango ambao binti yetu Achieng hajawahi kuufunga tangu ajue kutembea. Tukazima taa. Jirani akaleta tochi, akabaki kutazama.

Nikampigia fundi mmoja. Akasema transfoma imeungua, niandae elfu nne. Lakini transfoma ikiungua, taa nyekundu inawakaje? Nikamwambia Injinia ang'oe waya zote za spika. Tukawasha. Amplifaya ikatulia, haikujizima! Mashine hizi zikihisi waya chanya na hasi zimegusana, hujikata zenyewe kabla transista hazijaungua. Ile "tak" ilikuwa rilei ikifunga mlango. Tukarudisha spika moja moja. Ya kwanza, sawa. Ya pili, ya tatu, ya nne, sawa. Ya tano, ile ya pembeni karibu na kabati: tak.

Nikafuata waya kwa vidole gizani mpaka nikagusa gunia.

Omena. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, na Mama Achieng huwa hangoji kufungiwa. Alikuwa ameweka akiba ya miezi minne nyuma ya spika yangu, kwa sababu pale ni pakavu. Panya alitoboa gunia, akala akashiba, halafu akashushia na waya. Ganda lilikuwa limeliwa urefu wa kidole, nyuzi za shaba zimelaliana kama nywele ambazo hazijachanwa.

Nikasema gunia lihame. Mama Achieng akauliza lihamie wapi. Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa gizani saa mbili nzima bila neno, akasema, "Omena ni chakula. Hicho kisanduku kinaliwa?"

Basi. Nikakata kipande kilichotafunwa, nikaunganisha ncha na kuzifunga kwa utepe wa stima, nikaipandisha spika ya tano juu ya kabati. Saa tatu na nusu gitaa likaanza. Jirani akafungua kinywa kusema kitu. Mama akainua kidole kimoja, jirani akafunga kinywa. Nyuma ya kabati kitu kilikwaruza gunia, taratibu, na hakuna aliyeinuka.