Rafu ya 45385

Duka lenyewe ni la leso na vikoi, Biashara Street, Mombasa. Si lile la Mali ya Abdulla la tangu 1887. Hili ni la juzi juzi, yaani la babu yake Mzee, mwenye duka wa sasa. Tovuti anayo, na mali yote kaiorodhesha kwenye Excel. Haja yake ilikuwa akipakia faili, tovuti ijisomee yenyewe: doti ngapi, jina gani, bei gani, rafu gani.

"Kazi ndogo hii, mwanangu. Hata kahawa yako haitapoa."

Kulifungua faili kweli si kazi. Faili la .xlsx ni zipu tu: libadilishe mkia liwe .zip, utakuta ndani mafaili ya XML yamejipanga, na programu za kuyasoma zimejaa tele, za bure. Kazi ni yale aliyoyatia mwenyewe. La Mzee laanza na BISMILLAHI iliyotandazwa juu ya seli nane, kisha mistari miwili mitupu, sijui ya heshima, ndipo yaja majina ya safu. Katikati ya orodha, chini ya visutu, pana simu ya fundi wa feni, imeandikwa kwenye safu ya idadi. Excel ikaila sifuri ya mbele, tovuti nayo ikatangaza kwamba duka lina doti zaidi ya milioni mia saba za leso. Mombasa nzima ingejifunga, ikabaki.

Rafu ndiyo iliyotutoa jasho. Rafu ya tatu, daraja ya nne, Mzee huandika 3-4. Alipoiandika mwaka 2024, Excel ilijua zaidi yake: hiyo ni tarehe 3 Aprili. Na tarehe ndani ya faili ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, pamoja na 29 Februari ya mwaka huo, siku ambayo haikuwahi kuwako. Kosa la programu ya Lotus 1-2-3 ambalo Excel ililibeba makusudi ili mafaili yao yaelewane. Kwa hivyo kijana wa dukani akapewa karatasi ya oda: rafu ya 45385. Akatoka na ngazi.

Wanasayansi yaliwafika hayo hayo, wakasalimu amri: mwaka 2020 jeni iliyoitwa MARCH1 ikapewa jina la MARCHF1, isigeuzwe Machi. Mzee hana mpango wa kusalimu amri. "Rafu zangu zilikuwako kabla ya hiyo Excel."

Ile safu ya rafu tukaigeuza maandishi, ikatulia. Siku ya pili tovuti ikauza visutu vya bi harusi wa Kuze.

"Lakini nilivipaka njano!" Mzee akang'aka. "Njano ni amana, kila mtu hapa ajua."

Kila mtu, ila tovuti. Yenyewe husoma kilichoandikwa, rangi ya seli haiitazami. Nikamwongezea safu ya Hali, nikamwomba aandike humo "amana". Akaona ni uharibifu, ilhali safu ya Rangi ipo. Akajaza humo "njano", mstari kwa mstari.

Jana mteja wa Muscat kaagiza doti kumi za visutu vya njano, na pesa kishatuma. Mzee keshavuka barabara kuuliza duka la mbele kama wanavyo.