Sikiliza Hii, Utanishukuru

"Sikiliza hii, utanishukuru." Maneno hayo yamenipunguzia marafiki kuliko deni lolote. Niliowakopesha fedha bado tunasalimiana. Niliyemtumia podikasti ya dakika hamsini akiniona ng'ambo ya barabara anaweka simu sikioni na kuanza kuongea na mtu asiyekuwepo. Simlaumu. Ukimtumia mtu wimbo, anasikiliza ubeti mmoja na kukujibu kwa kidole gumba. Podikasti inamdai saa nzima ya uhai wake, halafu unamvizia mlangoni kama msimamizi wa mtihani: umefika pale pazuri? Na zile maarufu wala hazinisumbui. Mimi ugonjwa wangu ni zile za pembeni, ambazo ukianza kuzieleza kwa mdomo watu wanakutazama macho kuona kama yana wekundu.

Kuna moja inaitwa Field Recordings. Aliianzisha Eleanor McDowall, mtayarishaji wa redio wa Uingereza, mwaka 2020. Watu wa redio kutoka nchi mbalimbali wanakwenda kusimama uwanjani, au popote panapoweza kuitwa uwanja ukilazimisha kidogo, wananyamaza, wanarekodi. Basi. Hakuna mjadala wala mgeni wa wiki. Ni ndege, upepo, maji yanayopita.

Na mvua. Jumamosi moja nilikuwa na hedifoni masikioni, mvua ikaanza kunyesha, nikatoka mbio kuanua nguo. Zangu, na kwa kuwa ujirani ni kufaana, za jirani pia. Alipotoka alinikuta nimekumbatia mashuka yake yanayochuruzika maji, jua la saa saba linawaka, nami namhimiza awahi kuingiza mkaa ndani. Akatazama juu. Akanitazama mimi.

"Jirani, mvua iko wapi?"

Sikuwa na jibu lisilokuwa na neno podikasti ndani yake, na neno hilo lingeharibu zaidi. Naipendekeza kwa moyo wote, ila si siku ya kufua.

Ninayoipenda kuliko zote ni Everything Is Alive ya Mmarekani Ian Chillag, iliyoanza mwaka 2018. Chillag anahoji vitu. Nguzo ya taa, mto wa kulalia, kipande cha sabuni. Wanaojibu ni waigizaji wanaobuni maneno papo hapo, lakini taarifa za historia na sayansi zinazoingia humo ni za kweli. Mzaha unaisha mapema tu. Baada ya hapo unajikuta umekaa kimya unamwonea huruma mtu ambaye hayupo. Mahojiano ya kwanza yalikuwa na kopo la soda, na hayo ndiyo yaliyonifanya nicheke peke yangu jikoni, shangazi akichambua mchele.

"Unacheka nini?"

"Mahojiano, shangazi."

"Anahojiwa nani?"

"Kopo."

"Kopo nani?"

"Kopo la soda. Linaitwa Louis."

Ungo ukatulia. "Na anayelihoji?"

"Mtu."

"Mzima?"

"Mzima kabisa, yuko Marekani."

Akaendelea na mchele wake bila neno. Jioni nilimsikia uani akiongea na baba kwenye simu, kwa sauti ya chini, anauliza kama upande wa mama yangu kuna historia ya mambo haya. Lakini asubuhi, alipokuwa anatupa kopo tupu la maziwa, nilimwona akisita kidogo.

Nipe Story ya Mkenya Kevin Mwachiro, inayosoma hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, sina lawama nayo, isipokuwa hadithi fupi si fupi ukiwa kwenye daladala. Nakaa Tabata. Segerea sasa naijua vizuri.

Halafu ipo Sleep With Me. Drew Ackerman wa Marekani anaitengeneza tangu mwaka 2013, na kazi yake ni kukulaza. Anasimulia kwa sauti ya mkwaruzo, anaanza jambo, analiacha, anarudi kulieleza upya, anapotelea kwingine, na kadiri anavyosonga ndivyo hadithi inavyozidi kutokuwa na maana, kwa makusudi. Sijawahi kufika mwisho wa hata moja, na hiyo ndiyo sifa ninayompa.

Tulikuwa ukweni. Baada ya chakula nikajilaza chumba cha wageni, nikabonyeza simu, kimya. Nikaongeza sauti. Kumbe simu ilikuwa bado imeungana na spika kubwa ya shemeji iliyoko sebuleni, ambako mama mkwe na wenzake wa vikoba walikuwa wanahesabu marejesho. Nilipotambua nikakimbilia huko na msuli wangu. Nilichelewa. Mama mkwe kichwa nyuma, mdomo wazi. Mweka hazina amelala, mikono juu ya sanduku, kufuli zote tatu wazi. Nikabaki nimesimama, mwanamume pekee aliye macho katika chumba chenye fedha za akina mama.

Mweka hazina akafungua jicho moja.

Fedha zilihesabiwa upya, kisha zikahesabiwa tena na mtu mwingine, nami nimeombwa nisiondoke. Zilikuwa kamili. Walipotoka, mama mkwe akaniita.

"Mkwe, yule bwana alikuwa anasema nini?"

"Hakuna anachosema, mama."

"Ndiyo maana."

Magoti yalikuwa yamemnyima usingizi miaka. Sasa anamsikiliza kila usiku, Kiingereza hajui hata salamu, na amewagawia nusu ya kikundi bila kumwambia mtu atamshukuru. Bando nanunua mimi. Juzi kapiga simu saa nne usiku: "Mkwe, mzungu wa usingizi amekatika." Nikamwongezea, na kwa kuwa tulikuwa tunaongea vizuri nikathubutu kumwambia ipo na nyingine, kopo linahojiwa.

"Baba," akasema, "kalale."