Mheshimiwa, Naomba Pamba

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti, tena mkeka nimeukunja kando, maana kupiga magoti mbele yako juu ya mkeka ni kudeka. Mimi ni bibi tu wa huku Kanda ya Ziwa, na najua una mambo mazito kuliko miguu ya mjukuu wangu.

Alishikwa na mafua, yakapona. Wiki iliyofuata akalalamika mgongo, jioni akajikwaa kizingitini, kulipokucha miguu ikagoma kabisa. Kituoni tulipokelewa vizuri mno. Alipewa dawa mseto ya malaria, na kwa kuwa hajafika miaka 15, choo chake kikachukuliwa mara 2, kwa kupishana saa 24, kutafuta polio. Nakishukuru choo kile, Mheshimiwa. Kilihudumiwa kuliko mwenyewe. (Majirani walishasema amekanyaga tego.)

Siku ya 4, kwa rufaa, hospitali nyingine, daktari kijana alichukua kipande cha pamba akampitishia kuanzia kidole gumba cha mguu kupanda juu. Mtoto kimya. Pamba ilipovuka kitovu akasema, "Hapo nasikia." Kisha daktari akagusa tumbo la chini, gumu kama papai bichi, akaniuliza: amekojoa lini? Nilijikuna kichwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikujua. Akawekewa mpira wa mkojo hapo hapo.

Nilidhani ni homa ya uti wa mgongo. Hapana, alisema, ni ugwe wenyewe wa neva ndani ya mgongo umevimba. Mara nyingi kinga ya mwili, ikishamaliza kupigana na virusi, humgeukia mwenye nyumba. Huku ziwani hata mayai ya kichocho huweza kufika humo, na kichocho kina dawa yake, prazikwanteli. Tukasafiri kwa ajili ya MRI, akapimwa maji ya mgongo, akachomwa methiliprednisoloni ya mshipa siku 5, kila siku miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Sasa anatembea kwa kushika ukuta, na mpira umetoka.

Sithubutu kuomba MRI kila wilaya, mimi nani? Naomba tu, ukipata nafasi baada ya chai, ile fomu inayojazwa choo kikichukuliwa iongezewe mistari 2: hisia zinaanzia wapi, na mtoto amekojoa lini. Kituo kikijua hayo siku ya kwanza, rufaa haitangoja siku ya 4.

Pamba usihangaike nayo, Mheshimiwa. Huku tunailima, nitaleta mwenyewe.

Mtumishi wako mnyenyekevu,
Bibi wa mgonjwa